Washauri wa Mkulima: Tangu Kanuni za Mwaka 1937 Hata Akili Mnemba



Kitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu kina kurasa za uzito wa kahawa, kurasa za majina ya viongozi, na kurasa za picha. Sisi tumepewa kazi ya kuandika juu ya kitu kisichopimwa kwa mizani, nacho ni ushauri. Mara nyingi katika mikutano yetu mtu husimama akasema, "Na tutafute mtaalamu." Siku hizi limezuka swali jingine: kwa nini tumlipe mtaalamu fedha nyingi, ilhali kijana mwenye simu aweza kuiuliza mashine yenye akili mnemba, nayo ikamjibu kabla chai haijapoa?

Swali hili si la mzaha. Fedha anazolipwa mshauri hukatwa katika kilo za mwanachama. Na shauri baya likifuatwa, hasara nayo hurudi katika kilo hizo hizo. Kwa hiyo twaona yafaa kwanza tutazame nyuma: washauri waliotufikia katika nchi hii walikuwa nani, walileta nini, na nani aliyelipa pale walipokosea. Baada ya hapo ndipo tutakapoweza kuipima mashine kwa haki.

Kanuni zilizokuja bila maelezo

Jina la Kagondo hutajwa Bukoba, na hutajwa Muleba. Kote kuwili mtu hujulikana kwa kibanja chake, yaani migomba, mibuni iliyo katikati yake, na maharage chini. Kahawa ya robusta haikuletwa hapa na mgeni. Wahaya waliichemsha, wakaikausha, wakaitafuna, wakamkaribishia nayo mgeni na kufungia nayo udugu wa kuchanjiana, kabla gunia lolote halijasafiri kwenda Ulaya. Basi mshauri wa kwanza wa mkulima alikuwa baba yake, na bibi yake aliyejua ni mgomba upi utakaozaa vizuri na ni upi wa kung'olewa.

Biashara ya kahawa ilipokua, Serikali ya kikoloni ilitaka kusimamia ukulima wenyewe. Mwaka 1937 wakulima wa wilaya ya Bukoba walitakiwa kufuata kanuni za kutunza kahawa na kibanja, na wakaguzi wakawa na ruhusa ya kuingia mashambani. Huenda baadhi ya kanuni hizo zilikuwa na faida kwa mmea. Lakini zilikuja kama amri. Mkulima hakuulizwa, wala hakuelezwa vya kutosha, naye akaogopa kwamba kibanja cha ukoo wake kinaanza kuwa mali ya mwingine. Kukawa na mikutano ya kupinga, kukawa na ghasia, na watu wakafungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 yalitokea tena mambo kama hayo kwa sababu ya amri za kuangamiza fukusi wa migomba. Fukusi alikuwapo kweli, na migomba alikuwa akiila. Hata hivyo shauri lililo jema likija na pingu huonekana kuwa adui, na mkulima hulikataa pamoja na faida yake.

Wakati huo huo wakulima walikuwa wakitafuta ushauri wa namna nyingine, wa kujishauri wenyewe. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa Tanganyika mwaka 1932, na ndugu zetu wa Kilimanjaro wakaandikisha chama chao kikuu, KNCU, mwaka 1933. Bukoba walipata Chama Kikuu chao, BNCU, mwaka 1950. Faida ya vyama hivyo haikuwa bei peke yake. Mkulima alipata mizani aliyoweza kuiona, stakabadhi aliyoweza kuitunza, na leja aliyoweza kuomba isomwe mkutanoni. Kwa maneno mengine, alipata habari zake mwenyewe zikiwa zimeandikwa. Mtu asiye na habari zake zilizoandikwa hawezi kushauriwa vyema na mtu yeyote, awe mwenyeji au mgeni.

Wataalamu wa ripoti

Baada ya Vita Kuu ya Pili ulikuja mpango wa karanga. Mwaka 1946 wataalamu watatu, wakiongozwa na John Wakefield aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, walizunguka kwa muda mfupi wakaandika ripoti iliyosema kwamba ekari zaidi ya milioni 3 zaweza kulimwa karanga kwa mashine. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Matrekta yakaja, reli ikajengwa. Lakini Kongwa mvua haikuwa ya kutegemewa, na udongo wake ulipokauka ulikuwa mgumu hata majembe ya trekta yakavunjika. Wagogo wenyeji wa nchi ile walikuwa wakijua habari za mvua yao. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa pauni zipatazo milioni 36. Ripoti yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa ufasaha, na hesabu zake zilijumlika sawasawa. Kilichokosekana ndani yake ni yale ambayo hayakuulizwa.

Huko Marekani kutoa ushauri kulikuwa kumekwisha kuwa biashara kamili. Kampuni ya Arthur D. Little ilianza mwaka 1886. Ile ya McKinsey ilianza mwaka 1926 mjini Chicago. Na Boston Consulting Group, iitwayo kwa kifupi BCG, ilianza mwaka 1963. Hawa ndio tuwaitao leo washauri waelekezi wa uongozi. Hawauzi mbegu wala mashine. Huuza maoni juu ya namna ya kuendesha shirika: idara ngapi ziwepo, nani atoe amri kwa nani, gharama ipi ikatwe.

Walifika kwetu mapema. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, Arthur D. Little walitoa ripoti juu ya viwanda vya Tanganyika. Miaka kumi na kitu baadaye Serikali iliwatumia McKinsey kutayarisha mpango wa Madaraka Mikoani, uliotangazwa mwaka 1972. Nia ilikuwa njema, yaani kusogeza maamuzi karibu na wananchi. Lakini katika mpango huo halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na watu zilivunjwa, na nafasi zao zikachukuliwa kwa sehemu kubwa na maofisa. Mwaka 1976 ukafika uamuzi mwingine, uliokuwa wa Serikali yenyewe na si wa washauri wale: vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Wazee wetu wanakumbuka jinsi mkulima alivyobaki na gunia lake bila kuwa na mkutano wa kulalamikia. Sheria ya kurudisha ushirika ilitungwa mwaka 1982. Na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alisema wazi kwamba, kama angeanza upya, asingevunja serikali za mitaa wala ushirika.

Tunakumbusha hayo bila nia ya kumlaumu mtu. Tunataka mwanachama aone jambo moja: mpango waweza kutengenezwa na watu wenye elimu kubwa kabisa, nao ukakosea kwa sababu umeondoa mahali ambapo watu wadogo husemea. Kulikuwa na njia nyingine. Mwaka 1966 Kamati Maalum ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, na ikaona kwamba wanachama hawakuelezwa vya kutosha habari za vyama vyao, kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache, na kwamba siasa ziliingilia mno. Maneno hayo yana miaka karibu 60, na mtu aliyehudhuria mkutano wa chama cha msingi mwaka jana angeweza kudhani yameandikwa juzi.

Twapaswa pia kutaja ushauri uliofanikiwa. Mnyauko wa mibuni ulipoingia mkoani kwetu katika miaka ya 1990, mibuni ya robusta ilikauka ikisimama. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, katika kituo cha Maruku, waliitafuta mibuni yenye kustahimili, na mwaka 2011 zikatolewa aina nne: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1. Majina yenyewe yaonyesha kwamba wataalamu hao walifanya kazi yao hapa hapa petu, katika udongo na mvua tuvijuavyo.

Mashine yaingia katika kazi ya ushauri

Ili kuielewa hali ya leo, yapasa tujue kampuni za ushauri hupata vipi fedha zao. Zimejengwa kama kichuguu. Juu kuna wakubwa wachache wanaozungumza na mteja. Chini kuna vijana wengi waliotoka vyuoni, ambao hukusanya takwimu, husoma ripoti za zamani, hupanga majedwali na kuandika. Mteja hutozwa kwa siku za vijana wale. Kijana akifanya kazi hiyo miaka kadhaa, hujifunza, hupanda, na mwisho huwa mmoja wa wakubwa.

Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitoa programu ya ChatGPT. Mashine za namna hii zimesomeshwa maandishi mengi mno, zikajifunza neno lipi laelekea kufuata neno lipi, hata zikaweza kuandika barua, kufupisha ripoti na kupanga hoja. Yaani zinaweza kufanya kwa dakika kazi nyingi za wale vijana walio chini ya kichuguu. Kampuni za ushauri hazikungoja. Mwaka 2023 McKinsey waliwapa watumishi wao mashine yao wenyewe iitwayo Lilli, inayotafuta majibu katika maandishi ya kampuni ya miaka mingi. Mwaka huo huo Accenture walitangaza kwamba watatumia dola bilioni 3 katika miaka mitatu kwa kazi ya akili mnemba.

Je, mashine inasaidia kweli? Mwaka 2023 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzao waliwapima washauri 758 wa BCG. Katika kazi za kawaida za ushauri, waliotumia mashine walimaliza kazi zaidi kwa asilimia 12, kwa haraka zaidi kwa asilimia 25, na ubora wa kazi yao ulipanda kwa asilimia 40. Waliokuwa dhaifu zaidi ndio waliopata faida kubwa zaidi. Mtu asiitupe habari hiyo. Karani wa chama cha msingi ambaye huhangaika siku mbili kuandika barua moja aweza kuinuliwa sana na chombo kama hiki.

Lakini wachunguzi waliweka na kazi moja ya mtego. Washauri walipewa jedwali la hesabu za kampuni moja pamoja na maelezo ya mazungumzo na watu wa kampuni hiyo. Ukitazama jedwali peke yake ulipata jibu lililopendeza lakini lisilo sahihi. Siri ilikuwa katika maneno ya watu. Wasiotumia mashine walipata jibu sahihi kwa asilimia 84. Waliotumia mashine walipata kati ya asilimia 60 na 70. Mashine iliwapa jibu lenye sauti ya uhakika, nao wakaacha kufikiri.

Jambo kama hilo lilionekana nje ya majaribio pia. Mwaka 2025 kampuni ya Deloitte ya Australia ilikubali kurudisha sehemu ya malipo ya ripoti iliyoiandikia serikali ya nchi hiyo kwa dola za Australia zipatazo 440,000. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Sydney alikuwa ameisoma ripoti kwa makini, akaona inataja maandishi ambayo hayapo duniani, pamoja na maneno ya hukumu ya mahakama ambayo jaji hakuyasema. Akili mnemba ilikuwa imetumika katika kuiandika. Kosa halikugunduliwa na mashine nyingine, bali na msomaji aliyelijua jambo lenyewe.

Basi hivi ndivyo kazi ya ushauri inavyobadilika. Kukusanya na kuandika kunakuwa rahisi. Wateja wameanza kuuliza kwa nini walipie siku 30 kazi iliyofanywa kwa 3, na baadhi ya kampuni zimeanza kutafuta malipo kwa matokeo badala ya siku. Vijana nao wana wasiwasi, na wana haki. Mtoto ambaye hajapata kushika mkasi wa kupogolea hatakuwa mzee wa kumwambia mwenzake tawi lipi likatwe. Ikiwa mashine itafanya kazi yote ya kujifunzia, haijulikani wakubwa wa miaka 20 ijayo watatoka wapi.

Na sisi je?

Mashine hizi zimekwisha kuwafikia wakulima wa Afrika Mashariki. Programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya utafiti ya IITA, hutambua magonjwa ya muhogo kwa kutazama jani kupitia simu, nayo huzungumza Kiswahili. Iliweza kazi hiyo kwa kuwa ilifundishwa kwa picha za majani halisi ya mashambani, yakiwamo ya Tanzania. Palipo na habari za kweli za shamba, mashine hufaa.

Sasa na tuchukue jambo letu lenyewe la butura. Kila mmoja wetu ajua maana yake: mtu ana shida ya ada ya shule au ya hospitali, naye huuza kahawa ingali ua, kwa bei ya kutupwa. Uiulize mashine, "Tufanyeje kukomesha butura?" Itakupa orodha nzuri: mikopo midogo, elimu kwa wanachama, adhabu kwa wanunuzi. Hakuna neno baya katika orodha hiyo. Lakini haijui ni mwezi gani hapa kwetu ada huwabana watu, wala ni mwanachama yupi aliyeacha kuleta kahawa kwa sababu malipo ya mwisho yalichelewa, wala kwamba mjane hawezi kusema shida yake mbele ya mkutano wa wanaume. Kama katika lile jaribio la mtego, jibu limo katika maneno ya watu. Na maneno hayo mengi husemwa kwa Kihaya, barazani, wala hayajaandikwa popote ambapo mashine ingeyasoma.

Kwa hiyo hatusemi mashine ikataliwe. Kuikataa kungekuwa kurudia kosa la kuchukia dawa ya fukusi kwa sababu ya aliyeileta. Wala hatusemi ifuatwe. Tunapendekeza mambo manne yajadiliwe katika mkutano mkuu ujao.

Kwanza, vyama vya msingi vitunze habari zao kwa ukamilifu: kilo, bei, tarehe za malipo, mibuni iliyopandwa na iliyokufa. Mshauri wa namna yoyote atakuwa mzuri kwa kadiri ya habari hizo.

Pili, mshauri yeyote atakayelipwa na Chama aseme kwa maandishi ni sehemu ipi ya kazi yake imefanywa na mashine, na bei ipungue kwa kadiri hiyo. Aonyeshe pia kwamba amekaa na wanachama vijijini, si ofisini peke yake.

Tatu, habari za wanachama zisitiwe ovyo katika mashine za kampuni za ng'ambo. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na jina la mwanachama pamoja na deni lake si mali ya kugawa.

Nne, tuwapeleke vijana wetu kusoma. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilianza mwaka 1963, na tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu. Kijana wa Kagondo ajuaye leja, ajuaye mashine, na ajuaye pia kuketi na wazee akawasikiliza, atakuwa mshauri ambaye hakuna kampuni iwezayo kutuuzia.

Linabaki jambo la mwisho, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Mpango wa karanga uliposhindwa, waliolipa ni walipa kodi wa Uingereza. Ushirika ulipovunjwa, aliyelipa ni mkulima. Ripoti ya Australia ilipoonekana ina makosa, kampuni ilirudisha fedha kwa kuwa palikuwa na mtu wa kudaiwa. Mashine haina kibanja, haina jina katika leja yetu, wala haiwezi kuitwa mbele ya mkutano mkuu ijieleze. Kwa hiyo kila shauri litokalo humo lazima lichukuliwe na mtu mwenye jina, ambaye atasimama na kusema, "Nimelichunguza, nami najibu kwa hilo." Katika Chama chetu mtu huyo ni kiongozi tuliyemchagua, na nyuma yake ni sisi wanachama tuliomchagua.

Miaka 10 imepita, tukihesabu kilo na kusoma leja pamoja. Tunawatakia viongozi na wanachama wote miaka 10 mingine ya kazi hiyo hiyo. Na atakayeandika ukurasa huu wakati huo, Mungu akipenda, ataweza kusema kama tuliuliza vizuri.